Saruji Kwenye Mashimo ya Bao

Harufu ya saruji mbichi sijawahi kuipenda, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisingizia kifua. Sisi wa Singida mjini tunaishi na upepo na vumbi, mtu akitaja kifua hakuna anayemuuliza zaidi. Lakini siku tuliyokwenda kijijini kujengea kaburi la Bibi, fundi alipomwaga maji kwenye mchanganyiko na kuugeuza kwa koleo, harufu ile ilinipanda kichwani, nikajikuta nimesogea pembeni, mkono puani, macho yakitazama mwamba ulio kule mashambani. Mama mdogo akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Nikamjibu kuwa ni jua. Nilikuwa nimevaa sare ya kina mama wa kanisa, kitenge na kitambaa cheupe kichwani, na mwenyekiti wa kina mama hatakiwi kuonekana anayumbayumba makaburini.

Bibi ndiye aliyenilea. Mama alikuwa anaishi njia panda ya Mkiwa, akiuza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa mabasi, na Bibi aliamua kuwa njia panda si mahali pa kukuzia mtoto wa kike. Bibi akiamua jambo lilikuwa limekwisha. Kijiji chetu kiko upande wa Ikungi, na tukitaka mnada tulikwenda Issuna kwa miguu, tunaondoka na umande tunafika jua limesimama. Babu alikuwa amefariki kabla sijazaliwa, lakini Bibi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Mgeni akitusikia tunavyogombania ukoko wa ugali angeamini kweli tumeolewa nyumba moja.

Shamba la Bibi lilikuwa la uwele. Uwele ukianza kukomaa, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na kundi moja likitua shambani mnaweza kulala njaa mwaka mzima. Kwa hiyo tuliamia. Tuliondoka nyumbani alfajiri na kibuyu cha maji na viazi vya kuchemsha, tukapanda juu ya mwamba ulio katikati ya shamba letu na shamba la jirani yetu, Mama Ramadhani, na kutoka pale juu tulipiga kelele, tukavuta kamba zenye makopo, tukarusha mawe kwa kombeo. Ndege huja kwa fujo asubuhi, na tena jua likikaribia kushuka. Mchana hutulia vichakani, na hapo ndipo mwamiaji anapoponzeka. Anajilaza kidogo kwenye kivuli cha mwamba, na akizinduka hana shamba.

Dawa ya usingizi huo ilikuwa pale pale juu ya jiwe. Kulikuwa na mashimo ya bao, safu nne, yaliyochimbwa kwenye mwamba wenyewe na kulainika ndani kwa kupitiwa na vidole vya watu. Hakuna aliyejua nani aliyachimba. Bibi aliyakuta, na bibi yake aliyakuta. Kete zilikuwa vijiwe vyeusi vilivyowekwa kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo lilifichwa kwenye ufa wa mwamba ili mbuzi wasilipige teke. Mchana ukifika, Mama Ramadhani alipanda kwa upande wake akihema, Bibi anamwaga kete, na vita vinaanza.

"Umelala, shoga," Bibi alikuwa akisema, akichota kete za mwenzake kwa furaha isiyo na aibu yoyote.

"Sijalala, nimepumzika. Na wewe mlokole mzima unafurahia kunyang'anya mjane?"

"Na mimi ni mjane. Lete."

Mimi nilicheza na yule aliyeshindwa, na mara nyingi aliyeshindwa alikuwa Mama Ramadhani. Bibi sikuwahi kumfunga hata siku moja. Nakumbuka harufu ya jiwe lililopata moto, ya viazi vilivyoanza kuchacha ndani ya kitambaa, ya mafuta ya alizeti aliyojipaka Bibi mikononi. Kete zikidondoka shimo hadi shimo zilitoa mlio mkavu, na nilikuwa naupenda kuliko kinanda cha kanisani. Nasema hivyo sasa. Wakati ule nisingethubutu.

Mwinjilisti mpya alikuja kwenye mtaa wetu wa kanisa nikiwa darasa la kipaimara. Alikuwa kijana mwembamba, mwenye sauti nzuri, na nataka nimtendee haki: alikuwa mtu mwema. Aliwahi kumbeba mgonjwa kwa baiskeli hadi zahanati huku mvua inanyesha, na nyimbo nyingi ninazowafundisha kina mama leo ni yeye aliyenifundisha. Lakini alikuja na moto, na moto ukikosa kuni kubwa hula majani. Kwanza alikataza redio siku ya Jumapili. Akafuata nywele za kusuka na nyuzi, kisha vijana waliocheza karata nyuma ya mashine ya kusaga. Wote walitubu. Kisha akasikia habari za mwamba.

"Mashimo yale yalichimbwa na watu wasiomjua Mungu," alituambia darasani, taratibu, bila hasira. "Shetani hakai mbali. Anakaa mahali padogo, mahali ambapo mtu anasema, hapa hakuna neno."

Nilikuwa mtoto, na mtoto ukimwambia mahali padogo anatafuta mahali padogo penyewe. Niliondoka darasani nikijua anuani ya Shetani. Anakaa kwenye mashimo ya bao, chini kabisa, na Bibi anamlisha kete kila mchana. Mambo mengi yakawa wazi mara moja: kwa nini Bibi hafungwi, kwa nini anacheka vile akichota, kwa nini kimbunga cha vumbi hupenda kuzunguka mwamba ule. Kesho yake Bibi alipomwaga kete nikasema naumwa tumbo. Alinipa maji, akanikanda tumbo, akacheza na mwenzake. Nilikaa mbali nikaomba kimoyomoyo ndege waje wengi ili waache.

Jumamosi moja kikundi cha maombi kilipanda mwambani na ndoo ya saruji. Ilikuwa imebaki kwenye ujenzi wa nyumba ya mwinjilisti. Waliimba, waliomba, wakajaza mashimo yote kwa mwiko, wakasawazisha vizuri kabisa kama sakafu. Nilikuwapo. Watoto wa kipaimara tuliagizwa kubeba maji. Bibi alikuwa amesimama chini, ndani ya uwele, kombeo begani. Wao waliposhuka nilibaki nyuma kidogo, nikalaza sikio kwenye saruji mbichi nisikie kama anapumua. Nilisikia damu yangu mwenyewe masikioni, nikaamini ni yeye, nikateremka mbio nikiwa na saruji shavuni. Bibi aliniosha kwa maji ya kibuyu. Mkono wake ulikuwa mzito kuliko kawaida, lakini alinikausha vizuri kwa upindo wa khanga.

Baada ya hapo wazee wa kanisa walimwita atubu. Bibi alikwenda, akaketi, akawaamkia aliowazidi umri na waliomzidi, kisha akauliza, "Nitubu nini? Nimemwibia nani? Nimemroga nani?" Wakamwambia atubu bao. Akasema bao si dhambi, ni kazi ya kuamia. Wakamtenga. Kwa msio wa kanisa letu nieleze: aliyetengwa haendi Meza ya Bwana, haimbi kwaya, anaketi benchi la nyuma karibu na mlango, na akifa akiwa hivyo kanisa halimziki. Bibi alikuwa ameimba sauti ya pili tangu usichana wake. Jumapili iliyofuata aliketi nyuma, na kutoka kule nyuma akaimba sauti ya pili. Kwaya nzima ilikuwa inapotea bila yeye, kwa hiyo hakuna aliyegeuka kumkemea.

Angeweza kukaa hivyo hadi mwisho. Namjua. Lakini siku za kipaimara zilipokaribia, mwinjilisti alinishika bega baada ya darasa, akaniambia kwa upole kwamba nyumba yetu haijatengenezwa mbele za Mungu. Mtoto anayelelewa na aliyetengwa angesubiri darasa linalofuata. Mama alikuwa ameshanunua kitambaa cheupe Mkiwa, na fundi cherehani alikuwa ameshanipima. Wenzangu wote wangesimama mbele na magauni, wakapigwa picha, wakala kuku na soda, na mimi ningekaa benchi la nyuma na Bibi. Nililia njia nzima. Nilifika nyumbani nikamwambia Bibi maneno ambayo hata leo nikiyakumbuka napika vibaya: "Kwa nini humuachi Shetani tu, nipate gauni langu?"

Bibi alikuwa anapepeta uwele. Aliweka ungo chini. "Nani kakwambia nina Shetani?"

"Yuko mashimoni. Ndiye anayekufungia wenzako."

Nilidhani atanichapa, na afadhali angenichapa. Akasema neno moja kwa Kinyaturu, la kujiambia mwenyewe, kisha akaniuliza, "Gauni lina mikono mifupi au mirefu?"

"Mirefu. Na mshipi."

"Haya," alisema, akashika tena ungo.

Jumapili, baada ya matangazo, alitoka benchi la nyuma akaenda mbele. Alikuwa amevaa ile khanga yake ya kwendea misibani. Mwinjilisti akamuuliza kwa sauti ya huruma kama anakiri kuwa alicheza bao. Akakiri. Kama anajua kuwa ni dhambi. Mtoto mmoja akakohoa. "Najua," Bibi alisema. Kama anaahidi mbele za Mungu na kanisa kwamba hatacheza tena. Hapo akageuka, akanitafuta kati ya watoto, akanitazama. Nilidhani naelewa. Nilidhani ni mwenye dhambi anayeona aibu mbele ya mjukuu wake na anaomba asichukiwe. Kwa hiyo mimi, mtoto wa kipaimara, nikamtikisia kichwa polepole, kama mchungaji mdogo, kumwambia kuwa nimemsamehe.

"Naahidi," alisema.

Kipaimara changu kilikuwa kizuri. Nikisema kilikuwa kibaya nitakuwa naongeza uongo juu ya uongo. Gauni lilikaa vizuri, Bibi alichinja jogoo wake wa mbegu, na mwinjilisti alinisifu mbele ya watu kwa kukariri bila kukosea. Furaha ile ninayo bado katika picha moja. Nimesimama katikati, meno yote nje, na Bibi yuko pembeni amenishika mkono. Nilipohamia mjini niliifungia kabatini.

Msimu uliofuata tuliamia bila bao. Mama Ramadhani alisimama upande wake wa shamba na sisi upande wetu, na kutwa nzima kila mmoja aliwapigia ndege wake kelele. Mchana Bibi aliketi akiupa mgongo ule usawa wa kijivu wa saruji, akisokota kamba za ukili. Mimi nililala. Nilipozinduka Bibi alikuwa ameshatoka na kombeo, anakimbia peke yake kati ya uwele, na ndege wananyanyuka wazito. Hakuniamsha na hakunisema.

Nikaenda sekondari, nikapata kazi mjini, nikaolewa. Nilipokuwa nikirudi kumwona, nilimkuta mara nyingi ameketi kizingitini na ungo wa maharage mapajani, akichambua. Alichambua kwa namna ya ajabu. Aliyapanga mafungu madogo madogo kuzunguka ungo, akayachota fungu moja, akayagawa moja moja kwa mengine, kisha akachota tena. Akisikia hatua za mtu aliyavuruga yote kwa kiganja na kuanza kuuliza habari za safari. Nilimwambia mume wangu kwamba uzee umemfika Bibi. Tukakubaliana nimnunulie maharage yaliyokwisha kuchambuliwa, na kweli nilimpelekea. Alinishukuru sana.

Basi, makaburini. Fundi alipomaliza kusawazisha, mchungaji alisimama kuhubiri. Ni yule yule mwinjilisti, sasa ana mvi na sauti yake nzuri imeingia mikwaruzo. Aliomba asamehewe kwa kutokwa na machozi. "Mama huyu alinifundisha toba," alisema. "Alikuwa mtu mzima, mimi mtoto, na alisimama mbele ya kanisa akakiri dhambi ya bao. Nimelihubiri jambo hilo kila nilikopangiwa. Ndiyo urithi wake." Hakutaja sauti ya pili. Hakutaja jinsi Bibi alivyouokoa uwele wetu mwaka hadi mwaka, wala watoto wa watu aliowalea. Na kwa kuwa mimi ni mwenyekiti, na watu husubiri mwenyekiti aanze, nilisema amina, kwa sauti, na kina mama wakaipokea.

Watu walipokwenda kula, Mama Ramadhani aliniita. Haoni vizuri siku hizi. Alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya ukuta, amenyoosha miguu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Yule mchungaji wenu analia kweli au ni vumbi?"

"Analia kweli."

"Maskini. Hajui." Akapapasa mkono wangu hadi akaupata. "Jumamosi ile kabla ya kutubu, bibi yako alikuja kwangu jioni akaomba chumvi. Chumvi alikuwa nayo, nilijua. Akaniambia, shoga, kesho nakwenda kusema uongo kanisani. Nikamwambia usithubutu, nyumba ya Mungu hiyo. Akasema Mungu ananijua, ananiona pale juu siku zote. Ni mtoto asiyenijua. Mtoto anataka gauni."

Mama Ramadhani akaendelea.

"Nikamwambia basi sema huo uongo, tukutane tena tucheze kwenye vumbi, nyuma ya nyumba yangu, nani atatuona. Akakataa. Alisema kusema ni uongo, lakini kuahidi ni kuahidi. Hakucheza na mimi tena mpaka amekufa. Alikuwa na kiburi bibi yako."

Niliachia mkono wake taratibu nikaondoka, nikapita nyuma ya mashamba bila kumuaga mtu. Uwele ulikuwa umefika kifuani, na makopo yalikuwa yanagongana kwenye kamba. Nilitaka kwenda kukaa pale juu peke yangu. Nilijiambia nitarudi siku nyingine na patasi na nyundo, nitoe ile saruji shimo kwa shimo. Nilikuwa nimeshapanga hata nani nitamkodi.

Nilipoinua kichwa juu ya ukingo wa mwamba niliona haina haja. Saruji ile ilikuwa ya mchanga mwingi, na jua la kwetu likipasha jiwe na baridi ya asubuhi ikilipoza, kidogo kidogo ilikuwa imebanduka. Mashimo yalikuwa wazi, meusi ndani, isipokuwa machache ya pembeni. Na wasichana wawili walikuwa wamechuchumaa pande mbili, kombeo chini, viganja vimejaa vijiwe.

Waliniona. Sijui waliona nini kwanza, kitenge au kitambaa cheupe. Mkubwa alipangusa vijiwe vyote kwa mkono mmoja na kuviingiza mfukoni, na mdogo akaketi juu ya mashimo akatandaza sketi yake ya shule.

"Shikamoo, mama," walisema pamoja.

"Marahaba. Mnacheza bao?"

"Hatuchezi, mama," mkubwa alisema haraka. "Tunaamia ndege tu."

"Chezeni tu. Hata mimi nilikuwa nacheza hapa hapa, na bibi yangu."

Walitazamana. Nilijua mtazamo ule. Ndivyo mtoto anavyomtazama mtu mzima anayemtega. Nikacheka ili waone ni utani, kicheko chenyewe kikatoka kibaya. Nikanyoosha mkono, nikasema, lete vijiwe nikufundishe, bibi yangu alikuwa hafungwi. Mdogo akaanza kulia. Mkubwa akasema, "Mama, usimwambie mchungaji. Mwakani nina kipaimara."

Nilimwapia kuwa sitasema. Niliapa zaidi ya mara moja, na kila nilipoapa aliinamisha kichwa zaidi na kusema ahsante mama, ahsante mama, kama mtu anayepokea adhabu. Basi nikawaambia wabaki salama, nikateremka kwa upande wetu, ambako kuna ngazi za mawe. Chini, kati ya uwele, pale pale Bibi aliposimama na kombeo begani siku ile ya saruji, nilisimama. Nikavua kitambaa kichwani. Nilitaka kusikia kete zikidondoka shimo hadi shimo, mara moja tu, kisha niende zangu. Nilisubiri sana. Ndege walianza kushuka upande wa pili wa shamba na hakuna aliyewapigia kelele. Kule juu walikuwa kimya, wanasubiri niondoke.